Vumbi Halipotei, Huhamia kwa Mwenzako

Ukisimama kwa saa moja katika njia panda ya Makutano, pale barabara itokayo Mwanza kupitia Bunda inapogawanyika, moja ikielekea Musoma mjini na nyingine Tarime na Sirari, utaweza kuyagawa magari yote yapitayo katika mafungu mawili bila ya kujali ukubwa wala bei yake. Yapo yanayopita vioo vikiwa wazi, na yapo yanayopita vioo vikiwa vimefungwa. Katika fungu la kwanza utamwona dereva, utamsikia kondakta, na pengine utarushiwa salamu. Katika fungu la pili utajiona wewe mwenyewe, maana kioo kilichofungwa na kutiwa giza humrudishia mtembea kwa miguu sura yake.

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu kioo hicho. Kilifungwa lini? Kwa sababu gani? Na gharama yake inalipwa na nani?

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba hewa ya ndani ya gari ni shauri la mwenye gari. Mawazo hayo si sahihi. Ukifuata historia ya safari za barabarani katika Mkoa wa Mara utaona kwamba joto, vumbi na uchafu wa gari haujapata kupotea hata siku moja. Kila chombo kilichobuniwa ili kumstarehesha abiria kimefanya kazi moja tu, nayo ni kuichukua taabu iliyokuwa ndani na kuipeleka nje, kwa mtu mwingine. Mwenye gari anayelijua hilo hutumia starehe yake kwa adabu. Asiyelijua hudhani kwamba taabu imekwisha kwa sababu yeye haioni tena.

Tuanze na wakati ambapo suala la vioo halikuwapo kwa watu wengi, kwa sababu gari lenyewe halikuwapo. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Safari hiyo ni ya maili zipatazo 26, na ilikuwa safari ya miguu. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu, Mwalimu Julius Nyerere. Watu wa zama hizo walilijua gari kutoka nje. Walilijua kwa mlio wake, kwa wingu jekundu linaloinuka nyuma yake, na kwa kikohozi wanachobaki nacho baada ya kupita. Haikosi kwamba wazee wengi wa Uzanaki, Ikizu na Ujita walimeza vumbi la gari miaka mingi kabla ya kukalia siti yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja gari ambalo lilikuwa kama mwenyeji katika barabara za bara, nalo ni Landrover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na baada ya miaka michache lilikuwa mikononi mwa mabwana shamba, mapadri, matabibu, maofisa wa wanyamapori na serikali yenyewe. Chombo hiki kilikuwa na njia zake za kupambana na joto, njia ambazo hazikutumia umeme wala gesi. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na vijilango viwili vya bati. Dereva alivuta mkono, vijilango vikafunguka, na upepo wa mwendo ukaingia moja kwa moja usoni na kifuani. Aidha, Landrover za kubebea abiria ziliweza kuwekewa paa la pili juu ya paa la kwanza, kukiwa na nafasi ya hewa katikati. Jua lilipiga paa la juu, hewa ikapita katikati, na abiria akakaa katika kivuli cha paa la chini. Ni elimu ile ile ya nyumba ya nyasi yenye dari refu.

Madereva wa zamani wa magari hayo walikuwa na elimu nyingine ambayo vijana wengi wa leo hawana, ingawa inafaa hata kwa gari la mwaka huu. Gari linapokwenda mbio huisukuma hewa kwa mbele na kuacha upungufu wa hewa kwa nyuma. Upungufu huo huvuta. Ukifungua dirisha la nyuma peke yake katika barabara ya vumbi, vumbi lile lile uliloliinua mwenyewe litarudi na kuingia kwa mlango wa nyuma, pamoja na moshi wa ekzosi. Kwa hiyo wazee wale walifunga nyuma na kufungua mbele kidogo. Hewa iliyoingia kwa mbele ilijaza gari na kutafuta njia ya kutokea katika nyufa za milango, hivyo vumbi likakosa pa kuingilia. Hawakuyasoma haya chuoni. Waliyajua kwa kupangusa siti kila jioni.

Hapo ndipo ilipoanza desturi ya utunzaji wa ndani ya gari tuliyoirithi. Turubai ilikung'utwa. Sakafu ya bati ilimwagiwa maji na kufagiliwa hadi mlangoni. Siti zilivalishwa kitambaa ambacho kinaweza kuvuliwa na kufuliwa. Gari lile lilijengwa kwa kuoshwa kama sufuria. Tutaona baadaye kwamba gari la leo halitaki kabisa kuoshwa hivyo.

Katika historia ya barabara hiyo ya Bunda, mwaka 1967 una mahali pake pa pekee. Tarehe 5 Februari mwaka huo ilitangazwa Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea katika Azimio la Arusha. Vijana katika sehemu mbalimbali za nchi walifanya matembezi marefu ya kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki dunia akiwa safarini kwa miguu kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwezi Oktoba Rais mwenyewe akashuka garini. Alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwenda katika mkutano mkuu wa TANU.

Tusiyafanye matembezi yale kuwa hadithi ya watoto. Rais hakuyakataa magari, na serikali yake ilikuwa na magari. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam lipo hadi leo gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya Kiingereza na baadaye na yeye. Lakini katika miaka ile neno "Wabenzi" lilikuwa limekwisha zaliwa, nalo lilitaja kabila jipya la Afrika Mashariki, kabila la watu wanaojulikana kwa gari wanalopanda. Kiongozi wa nchi alipokanyaga vumbi la Bunda kwa miguu yake aliwaonyesha watu upande gani wa kioo ulikuwa na wananchi wengi. Hilo halikuhitaji hotuba.

Wakati hayo yakitendeka huku, nchi ya Marekani ilikuwa imekwisha fika mbali katika jambo la kufunga vioo. Kampuni ya Packard ilionyesha mjini Chicago, mwezi Novemba 1939, gari lenye mtambo wa kupoza hewa uliotoka kiwandani. Mtambo huo ulikuwa na kasoro za kuchekesha. Ulichukua nafasi kubwa ya buti. Haukuwa na kidhibiti cha joto, na mtu aliyetaka kuuzima kabisa ilimlazimu asimamishe gari, afungue boneti na kuutoa mkanda unaozungusha kompresa. Baada ya mwaka 1941 kampuni iliuacha. Mwaka 1954 kampuni ya Nash ikatoa mtambo uliokaa wote mbele ya gari, wenye joto na baridi katika chombo kimoja, na huo ndio mfano wa vyombo tulivyo navyo leo. Ilipofika mwaka 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya nchini Marekani yalikuwa na kiyoyozi.

Lakini yupo Mmarekani mwingine ambaye watu wa Musoma wana deni kwake kuliko Packard na Nash. Jina lake ni Frederick McKinley Jones, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1893, ambaye masomo yake mengi aliyapata gereji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Jones alibuni mtambo wa kupoza lori, mtambo uliostahimili mitikisiko ya barabara, na kampuni aliyoianzisha pamoja na mwenzake ndiyo iliyokuja kuitwa Thermo King. Alifariki mwaka 1961. Mwaka 1991, miaka thelathini baadaye, serikali ya nchi yake ilimtunukia nishani ya taifa ya teknolojia.

Kwa nini tunamtaja? Kwa sababu katika miaka ya 1990, viwanda vya minofu ya sangara viliposhamiri kandokando ya Ziwa Viktoria, Musoma ikiwamo, gari lililokuwa na ubaridi wa uhakika katika barabara za kanda hii lilikuwa lori la samaki. Minofu ilisafiri katika baridi kuelekea soko la Ulaya, huku wananchi wakisafiri katika basi lenye vioo wazi, magunia ya dagaa yakiwa juu ya keria na vumbi likiwa mapajani. Hatusemi hivyo kwa kulalamika, maana samaki bila baridi huoza na fedha yake hupotea. Tunasema ili ikumbukwe kwamba ubaridi ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kwamba huenda kwanza kule kwenye fedha.

Ubaridi wa watu ulikuja kwa mlango mwingine. Katika bajeti ya mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila ya kuulizwa fedha hizo zilitoka wapi. Huo ndio mwanzo wa kulegezwa kwa biashara, na katika miaka iliyofuata magari yaliyokwisha tumika yakaanza kumiminika kutoka Dubai na hasa kutoka Japani, nchi ambayo usukani wake uko kulia kama wetu. Mnunuzi wa Musoma aliyetaka gari tu alijikuta amenunua na kiyoyozi, kwa sababu Wajapani walikuwa wamekwisha kukifanya kuwa kitu cha kawaida. Watu wengi hawakukiomba. Kilikuja pamoja na gari, na maelezo yake yakiwa katika lugha ambayo hapana aliyeweza kuisoma.

Matokeo yake tunayaona mpaka leo. Vitufe vipo, alama zipo, lakini wengi hujua mawili tu, kuwasha na kuzima. Wengine huhofia kwamba kiyoyozi huleta mafua, na wengine hukiwasha mpaka madirisha yanatoa jasho. Basi na tueleze kwa ufupi kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo ukweli wa mazungumzo yetu ulipo.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Ndani ya mabomba yake mna gesi. Gesi hiyo inapopanuka karibu na dashibodi hufyonza joto la hewa ya ndani. Kisha kompresa, inayozungushwa na injini, huibana na kuisukuma mpaka kwenye kitu kinachofanana na rejeta mbele ya gari, na pale joto hutupwa nje. Mtu anayesimama mbele ya gari lililoegeshwa likiwa linanguruma husikia mvuke wa moto miguuni mwake. Joto hilo ndilo lililokuwa linamsumbua mwenye gari. Sasa amepewa yeye, tena likiwa na nyongeza ya joto la injini inayofanya kazi hiyo kwa mafuta.

Katika kupoza, hewa pia hukauka. Maji yanayodondoka chini ya gari baada ya safari ni unyevu uliotolewa ndani, wala si ugonjwa wa gari. Kwa hiyo kiyoyozi kina faida kubwa wakati wa mvua. Madirisha yakifanya ukungu kwa pumzi za abiria, washa kiyoyozi hata kama hakuna joto, ruhusu hewa ya nje iingie, na elekeza upepo kwenye kioo. Ukungu utaondoka upesi kuliko kupangusa kwa kitambaa, kazi ambayo huacha michirizi inayomtia dereva upofu usiku.

Musoma si Dar es Salaam. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Siku nyingi mtu anayeishi Mwigobero au Mukendo hahitaji kupozwa kwa mtambo. Anachohitaji ni kivuli na dirisha. Maadui wa kweli wa abiria wa Mara ni wengine: vumbi la barabara za vijijini, unyevu na mawingu ya wadudu wa ziwani, na mbung'o kwa wanaopita upande wa Serengeti. Huyo wa mwisho si wa kufanyiwa mzaha. Mbung'o hufuata kitu kinachokwenda, gari likiwamo, na mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea mbuga za Serengeti na Tarangire waliugua malale. Katika njia za mbuga, kufunga kioo ni afya.

Katika vumbi, tazama kitufe chenye picha ya gari na mshale unaogeuka ndani yake. Kikiwaka, gari hulizungusha hewa lililo nayo na kufunga mlango wa nje. Kitumie unapokuwa nyuma ya lori au unapopishana na basi, kisha ukizime. Safari nzima ukikiacha kimewaka, watu watano watakuwa wanavuta pumzi zilizokwisha tumika, na dereva ataanza kusinzia. Aidha gari lisilovuta hewa ya nje halina msukumo wa kuzuia vumbi, na kama mipira ya milango imechakaa, vumbi litapenya nyuma kama lilivyopenya katika Landrover. Hivyo njia pekee ikiwa ni yako na mbele hakuna gari, ruhusu hewa ya nje na ongeza feni kidogo. Elimu ya wazee ni ile ile, vitufe ndivyo vilivyobadilika.

Lakini hewa hiyo ya nje hupita kwenye chujio, na chujio hilo ndilo linalosahauliwa kuliko kitu chochote garini. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni liko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria wa kwanza. Wapo wanaoendesha gari kwa miaka mitano bila ya kulitazama, na linapotolewa huwa na majani, manyoya na udongo mwekundu wa kutosha kupanda mchicha. Feni ikipiga kelele nyingi na upepo ukawa kidogo, anza hapo kabla ya kumlipa fundi wa gesi. Katika barabara za vumbi lisikae muda ule unaoshauriwa kwa barabara za Japani.

Harufu ya uvundo unapowasha kiyoyozi nayo ina sababu yake. Ni kuvu iliyoota katika unyevu uliobaki. Dawa yake ni rahisi. Dakika chache kabla ya kufika, zima ubaridi na uiache feni ikipuliza, ili mabomba yakauke. Aidha usikiache kiyoyozi bila kukiwasha kwa miezi. Kiwashe kwa dakika kadhaa kila baada ya wiki moja au mbili, hata katika majira ya baridi, ili mafuta yaliyochanganyika na gesi yazunguke na kulainisha mipira ya kompresa. Mipira ikikauka, gesi huvuja.

Gesi ikivuja huenda wapi? Nayo pia haipotei. Magari ya zamani yalitumia gesi ya aina ya R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda angani na kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Walibezwa na wenye viwanda, lakini mwaka 1985 tundu la ozoni likatangazwa juu ya ncha ya kusini ya dunia, mwaka 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal, na mwaka 1993 Tanzania ikajiunga nayo. Mwaka 1995 wanasayansi hao wawili, pamoja na Paul Crutzen, wakapewa Tuzo ya Nobel. Magari yakahamia gesi ya R-134a, ambayo haidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia, na ndiyo sababu mataifa yalikutana tena Kigali, jirani zetu hapa, mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi hizo nazo. Kwa hiyo fundi anayeifungulia gesi hewani ili "aanze upya" anamtupia taka mtu asiyemjua. Na fundi anayeongeza gesi kila mwezi bila kutafuta tundu linakovujia anakuuzia gesi ya kwenda angani.

Tuje sasa kwenye usafi. Tulisema Landrover ilioshwa kama sufuria. Gari la leo lina nyaya chini ya kapeti na vifaa vya umeme chini ya siti. Mwagia maji ndani, nawe utakuwa umenunua kutu na matatizo ya umeme yatakayokusumbua mwaka mzima. Ondoa vumbi likiwa kavu kwanza, kwa brashi au mashine ya kuvuta vumbi, ukianza juu na kumalizia chini. Kitambaa chenye maji kikitangulia, vumbi hugeuka tope na kuingia ndani ya siti. Dashibodi ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Yale mafuta ya kung'arisha hushika vumbi jipya kabla hujafika Kiabakari, na mng'ao wake huakisi kwenye kioo na kumsumbua dereva. Nailoni za kiwandani ziondoe. Chini yake jasho na unyevu hukaa, kuvu huota, na gari unalolihifadhi jipya linaoza kwa siri. Samaki wabebwe katika ndoo yenye mfuniko, kwa maana maji ya samaki yakishaingia kwenye kapeti hayatolewi na manukato. Kapeti itafunguliwa, itafuliwa kwa sabuni, na itaanikwa juani mpaka ikauke kabisa.

Na je, gari hili tunaliosha wapi? Mji wa ziwani una jibu la haraka, nalo ni ziwani. Hapa pana jambo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulijua. Huko Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili, waosha magari wanaofanya kazi wakiwa wamesimama majini wamefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2002. Vijana wale walikuwa wakiugua kichocho cha tumbo, wakitibiwa, wakarudi majini kuosha magari, na wengi wao wakaambukizwa tena. Gari liling'aa, na mwoshaji akaondoka na ugonjwa. Maji yale yale yakapokea mafuta na sabuni, na jirani akachota ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini sheria haina macho kila ufukwe. Mwenye gari ndiye mwenye macho. Anayelipa ndiye anayeweza kusema, "Kijana, lete ndoo huku juu."

Liko jambo moja zaidi ambalo halina mzaha hata kidogo. Gari lililofungwa na kuegeshwa juani, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, ni tanuri. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto la ndani hupanda kwa nyuzi zipatazo 22 za Selsiasi katika saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kwa upana wa kidole hakusaidii kitu. Siku ya kawaida ya Musoma yenye nyuzi 28, ndani ya gari patafika nyuzi 50. Mtoto mdogo hastahimili hapo. Usiseme "naingia benki dakika mbili," kwani sote tunazijua dakika mbili za foleni ya benki. Shuka na mtoto. Na wewe mwenyewe ukirudi, fungua milango yote kwa muda, uende mwendo mfupi vioo vikiwa wazi ili joto lililojaa litoke, ndipo ufunge na kuwasha kiyoyozi. Kitafanya kazi kidogo na mafuta yatapungua kidogo.

Wasikilizaji, hatukuja hapa kuwaambia watu wazime viyoyozi na kurudi kwenye turubai. Mgonjwa anayepelekwa hospitali, mzee mwenye pumu, mtoto mchanga, hao wote wana haki ya hewa safi, na teknolojia ikiwapa tuishukuru. Barabara kuu nazo zina lami siku hizi, na wingu la vumbi la zamani limebaki zaidi katika njia za kwenda vijijini. Lakini hapo ndipo walipo wanafunzi wanaotembea kwenda shule kama alivyotembea yule wa mwaka 1934, wakiwa na sare nyeupe wanazozifua wenyewe. Vumbi huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Dereva aliyejifungia vioo halisikii tena vumbi lake, na kwa hiyo hana kinachomkumbusha kupunguza mwendo. Zamani lilimkumbusha lenyewe, maana naye alilimeza.

Basi ukiwaona watu kandoni, punguza mwendo. Hilo halihitaji gesi, fundi wala fedha. Na ukikaribia nyumba za watu, huko Butiama au kwingineko, teremsha kioo na uwaamkie wakubwa. Baridi kidogo itatoka, na joto kidogo litaingia. Mtu mwenye adabu hatalijutia.

Hadi juma lijalo, tunawatakia safari njema.